Bidoni Katika Mstari

Jumatatu, 1 Desemba
Leo ziwa limefungwa. Hadi mwisho wa Februari hakuna kutega wavu, ili samaki wazae. Tangu asubuhi watu wanarudi kutoka kambi za uvuvi za kisiwa cha Chisenga, magodoro kichwani, nyavu zimefungwa kama maiti. Fidélie amerudi na binti yake Yolande. Ameingia uani kwangu hajatua hata mzigo.
"Pierrette, pompa inatoa maji?"
"Inatoa, lakini mstari ni mrefu."
"Wacha niweke bidoni kwanza, halafu njo tusalimiane."
Ndivyo ilivyo hapa Kafutuma. Hakuna anayesimama kwenye pompa mwenyewe tangu mwanzo. Unaweka bidoni yako, dumu lako la maji, nyuma ya nyingine, unakwenda kupika, kunyonyesha, hata kuzika, nayo inasogezwa na wenzako. Bidoni zote tunazijua kwa sura. Ya Fidélie imefungwa kamba nyekundu ya wavu shingoni. Sijawahi kuona mtu akiruka bidoni ya mwenzake.

Jumatano, 3 Desemba
Mvua kutwa nzima. Nimeanua muhogo mara tatu.

Jumamosi, 13 Desemba
Lori la shirika la misaada limeleta mabati, saruji na mbao, vyote vimewekwa ndani ya kanisa. Vinatosha jengo moja tu. Bwana aliyekuja navyo amesema shirika halitachagua. Wazazi wachague wenyewe. Komite yetu ya shule imemaliza muda wake, kwa hiyo tumekubaliana hivi: mwenyekiti mpya atakayechaguliwa Februari ndiye atakayeamua kijengwe nini, na kila mgombea aseme mapema ataanza na nini. Mimi nimeombwa nibaki sekretere mpaka uchaguzi upite, kwa kuwa nilimaliza sekondari kule Pweto na nasikia Kibemba vizuri. Nitatafsiri pande zote mbili, sisi Wakongomani tuliovuka ziwa na Wazambia wa upande wa barabara.
Uchaguzi uliopita ulikwisha kwa ugomvi, kwa sababu mtu mmoja aliwaleta vibarua wake wasio na mtoto shuleni wasimame katika mstari wake. Kwa hiyo nimependekeza kanuni: anayehesabiwa ni mzazi au mlezi aliyesimama uwanjani mwenyewe. Wote wamekubali. Nimefurahi. Napenda jambo likiwa na mpaka wake.

Ijumaa, 26 Desemba
Krismasi imepita kwa amani. Gauthier mume wangu amechinja bata.

Jumatatu, 12 Januari
Shule imefunguliwa. Darasa la saba limejaa mpaka wengine wamekaa dirishani. Mwalimu Kaoma ana furaha kama mtu aliyeoa. Nilimwambia asiizoee. Kila mwaka ni vile vile: ziwa likifunguliwa Machi, wazazi wanakwenda kambini na watoto wao, na darasa linabaki na nusu. Desemba watoto wanarudi, herufi zimewatoka kichwani.
Yolande amekaa mbele kabisa. Mwaka huu ndio wa mtihani wake. Mwaka jana alirudi kutoka Chisenga na bado akawa wa pili darasani. Sijui alisomea wapi, labda juu ya vichanja vya kuanikia samaki.

Jumamosi, 24 Januari
Mkutano wa wagombea. Watu wamejaa uwanjani, mawingu meusi juu ya ziwa, lakini hayakutusumbua.
Wagombea ni watatu, na wote nimewauliza swali moja kwa maneno yale yale: "Tuna vifaa vya jengo moja. Utajenga nini, na kwa nini hicho kwanza?"
Wa kwanza alikuwa Antoine, anayevusha sukari na nguo kati ya hapa na ng'ambo. Alivaa koti, jasho likamtoka. Alisema atajenga darasa la Kifaransa.
"Siku moja tutarudi kwetu Congo. Mutoto atarudi na Kibemba na Kingereza. Kule atasoma nini? Atakuwa mugeni mara mbili!"
Sauti ikatoka nyuma: "Antoine, wewe mwenyewe Kifaransa chako kinaishia kwa bonjour!"
"Njo maana nataka batoto bafike hata kwa bonsoir!"
Walicheka mpaka nikashindwa kutafsiri. Namwona Antoine ni mtu wa maneno matupu, lakini swali lake si tupu.
Wa pili, Ba Aubrey Chalwe, kama wanavyomwita kwa heshima ya Kibemba, ni Mzambia, mkulima wa muhogo na mahindi upande wa barabara. Anaongea taratibu kama mtu anayepanda mbegu. Alisema atajenga nyumba ya mwalimu.
"Mwalimu Kaoma analala katika ghala la shemeji yangu, juu ya magunia. Panya wamekula mashati yake mawili. Walimu watatu wameshatukimbia kabla yake. Huyu naye ameandika kuomba uhamisho. Akiondoka, jengo lolote mtakalojenga litakuwa ghala jingine."
Wa tatu, Emilienne, mshonaji, rafiki yangu. Yeye anataka bweni.
"Ba Chalwe anasema kweli, mwalimu alale vizuri. Lakini akiamuka, atafundisha nani? Mwezi wa tatu viti vinabaki peke yao. Mimi nataka batoto balale hapa, bamama zao baende bavue. Chakula tutapokezana, zamu kwa zamu."
Mama mmoja wa barabarani alisimama akasema kwa Kibemba, nami nikatafsiri bila kulainisha: "Hao wa visiwani ni wetu kweli? Wanakuja miezi mitatu kama bata wa mvua, halafu wanapotea. Tuwajengee nyumba sisi tunaobaki?"
Minong'ono ikawa mingi upande wetu. Nilimtazama Ba Chalwe, nikitegemea atamkanya mtu wake. Alikuna kidevu tu. Tangu hapo simpendi.
Nimetafsiri pande zote bila kuongeza wala kupunguza. Mkuu mmoja wa kanisa aliniambia, "Mama Sekretere, leo hakuna anayejua wewe uko wa nani." Nililichukua neno hilo kama sifa, nikatembea nalo mpaka nyumbani.

Jumatatu, 2 Februari
Nimepalilia karanga. Mgongo.

Jumapili, 8 Februari
Baada ya misa nimekaa na Fidélie pompani, tukisubiri bidoni zetu zifike. Nilimuuliza kama Yolande ataondoka naye safari hii.
"Ikijengwa nyumba ya kulala, anabaki. Emilienne amesema atamulalisha kwake mupaka ijengwe. Isipojengwa, ninaenda naye. Emilienne ana batoto wake wanne kati ya cherehani na kitanda, atamubeba mupaka mwezi wa kumi? Na miye peke yangu pale kambini nitapasua samaki na mikono ngapi?"
"Na mtihani?"
"Pierrette, mutihani ule niliuona hata miye kwa macho. Nilikuwa darasa la sita, kwetu Congo njo la mutihani. Baba akasema, twende, maji yamefunguliwa." Akasogeza bidoni ya mtu mwingine kwa mguu. "Yolande ananiambia anataka kuwa mukunga wa hospitali. Sikumujibu. Nimengojea uchaguzi njo nimujibu."
Alisema hivyo kama anayezungumzia bei ya chumvi.

Jumatano, 18 Februari
Mzee wa kijiji amefariki alfajiri. Wakati wa matanga hakuna mkutano wowote, kwa hiyo uchaguzi wa Jumamosi hii umeahirishwa. Nimetembea nyumba kwa nyumba kutangaza.

Jumapili, 22 Februari
Maziko. Mvua ilinyesha kaburi likiwa wazi. Ba Chalwe alivua koti lake akalifunika jeneza, kisha akasimama na fulana mpaka mwisho. Nilimwona. Bado simpendi, lakini nilimwona.

Jumanne, 24 Februari
Tumekaa mimi, Mwalimu Kaoma na wawakilishi wa wagombea kupanga siku mpya. Jumamosi ya tarehe 28 mwalimu hayupo. Mwisho wa mwezi anakwenda boma kuchukua mshahara, na yeye ndiye shahidi wa kuhesabu. Nikafungua kalenda nikasema Jumamosi inayofuata, tarehe 7 Machi. Hakuna aliyepinga. Nimeandika tangazo kwa lugha mbili, nikalibandika mlangoni mwa kanisa.

Alhamisi, 26 Februari
Leo Fidélie amesoma tangazo kanisani, kisha akanifuata pompani na wanawake wenzake wa kambini.
"Mama Sekretere, tarehe saba sisi tuko Chisenga. Ziwa linafunguliwa tarehe moja. Hukujua?"
Nilijua, kama ninavyojua tarehe ya Pasaka ya Waorthodoksi. Mimi ni mtu wa shamba. Tarehe moja Machi kwangu ni palizi. Nilipoitazama kalenda niliona Jumamosi tu, sikuona ziwa, na mezani hapakuwa na mvuvi hata mmoja.
"Hamwezi kuchelewa wiki moja?"
"Wiki ya kwanza njo samaki wenyewe! Ukichelewa, utakuta watu wamepanga nyavu mupaka kwenye mulango wa choo." Wakacheka. Kisha Fidélie akapiga bidoni yake kwa kiganja, ikalia kama ngoma. "Basi bon. Hii itanisimamia. Nitamuachia Emilienne, ataiweka katika mustari wake."
"Na yangu!" akasema mwingine.
"Yangu ni ndogo, itahesabiwa nusu?"
"Yako ina tobo, itahesabiwa kama mulevi!"
Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka, nikajitwisha maji yangu, nikaenda, muhogo ulikuwa motoni.

Jumapili, 1 Machi
Ziwa limefunguliwa. Kanisani viti vya upande wa kushoto vitupu.

Alhamisi, 5 Machi
Mvua ya mawe. Karanga zimelala chini. Nimepita darasa la saba: Yolande yuko, kwa Emilienne bado, lakini dirishani hakuna anayekaa tena.

Jumamosi, 7 Machi
Naandika jioni hii hii, kwa mpangilio, ili kesho nisijidanganye.
Nilifika uwanjani mapema. Mwalimu Kaoma alikuwa amechimbia vijiti vitatu, kila mgombea na kijiti chake, na watu wapange mstari nyuma ya wanayemtaka, kama tunavyofanya siku zote. Nyuma ya kijiti cha Emilienne kulikuwa tayari na mstari. Bidoni. Za njano, za bluu, moja ya kijani iliyokatwa mdomo, zimepangwa moja nyuma ya nyingine kama pale pompani, kila moja na alama yake. Ya pili kutoka mbele ilikuwa na kamba nyekundu shingoni.
Mwanzoni nilidhani ni mzaha. Nikamtafuta Emilienne anieleze. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sherehe, uso hauna mzaha hata kidogo.
"Ni bamama ba Chisenga," akasema. "Kila mumoja alileta yake mwenyewe kabla ya kupanda boti. Hakuna hata moja ya kuongeza. Hesabu."
Watu walikuwa wakifika. Waliposimama nyuma ya Emilienne walisimama kati ya bidoni, kila mtu na jirani yake wa pompani. Bibi mmoja alikuwa ameshika bidoni mbili kwa masikio kama anayeshika wajukuu. Upande wa barabara vijana wakaanza: "Bane, jamani, leo mitungi inapiga kura!" "Wajazeni maji, waseme wenyewe!" Mwingine akainamia bidoni akaiuliza kwa heshima kubwa, "Mama, mumeo hajambo?" Hata wa upande wetu wengine walicheka.
Antoine alikuwa na watu wachache mno nyuma yake. Alitazama mistari yote mitatu, akang'oa kijiti chake, akaenda kusimama na watu wake nyuma ya Emilienne. Hakutoa hotuba. Hilo sikulitegemea.
Sasa mistari ilikuwa miwili. Wa Ba Chalwe ulifika kwenye mlingoti wa bendera. Wa Emilienne, pamoja na bidoni, ulipita mlingoti. Bila bidoni ungeishia kwenye mpera. Kila mtu aliliona. Macho yote yakanigeukia mimi, na sauti ya kwanza iliyotoka ilikuwa ya yule mama wa barabarani: "Sekretere ni Mkongomani. Tutaona."
Ba Chalwe alitoka kwenye kijiti chake akanifuata. Alinivuta kando kidogo, akasema kwa Kibemba, chini chini:
"Mama, bidoni hizi unazijua?"
"Nazijua."
"Zote zina wenyewe?"
"Zote. Na wote wana watoto hapa."
"Basi mimi sina neno. Wewe ndiye mwenye kazi hii. Ukisema ni watu, ni watu."
Alinitazama akisubiri. Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa neno dogo. Badala yake nilisikia lile neno la nyuma yangu, Mkongomani, nikasikia na lile la mkuu wa kanisa, hakuna anayejua wewe uko wa nani. Nikaona kama nikisema ndiyo watajua. Nikapandisha sauti, kwa Kibemba kwanza kisha kwa Kiswahili:
"Tulikubaliana anayehesabiwa ni mzazi aliyesimama mwenyewe. Bidoni haisimami yenyewe. Ziondolewe."
Upande wa barabara wakapiga makofi. Sijawahi kupigiwa makofi yaliyoniuma hivyo.
Emilienne hakupiga kelele. Alikuja mpaka mbele yangu.
"Pierrette. Fidélie alikuuliza."
"Hakuniuliza, alikuwa anatania."
"Alikuambia mbele ya bamama bote, na wewe ulicheka. Kama ungesema hapana siku ile, Fidélie angebaki. Wote bangebaki, hata siku moja bangerudi na boti. Ulicheka, bakasema sekretere amekubali, bakaenda kuvua."
Nilimgeukia Mwalimu Kaoma, nikamwambia ahesabu zikishaondolewa. 
Watu walianza kuziondoa. Ile yenye kamba nyekundu aliichukua Yolande mwenyewe. Nilikuwa sijamwona, alikuwa amekaa ukutani na wanafunzi wenzake. Aliibeba mkononi, tupu, akapita karibu nami akasema "Shikamoo, mama," kama alivyofundishwa, akaenda.
Mwalimu Kaoma alihesabu watu waliobaki. Ba Chalwe ameshinda. Ni nyumba ya mwalimu.

Jumapili, 8 Machi
Kanisani wote wamenisalimia. Ningependa wangeninunia.

Jumatano, 11 Machi
Emilienne hakuja kwenye zamu yetu ya kufagia kanisa. Nimefagia peke yangu.

Jumamosi, 14 Machi
Boti ya samaki imeleta salamu za Fidélie kutoka Chisenga: Yolande aende. Niliposikia nilikwenda kwa Emilienne, tangu siku ile sikuwa nimekanyaga kwake. Alikuwa anashona, hakusimamisha mashine.
"Ameenda asubuhi," akasema. "Nimemusindikiza mupaka bandari ya Kashikishi."
"Alilia?"
"Hapana. Aliniuliza kama anaweza kuacha uniformu yake hapa. Nikamuambia aache." Akakata uzi kwa meno. "Pierrette, miye sikukasirikii kwa kushindwa. Ba Chalwe ni mutu. Nakukasirikia kwa sababu ulikuwa mutu wetu, na siku moja tu tuliyokuhitaji, ulitaka kuwa wa kila mutu."
Nikabaki nimesimama mlangoni. Mashine ikaendelea.

Jumanne, 17 Machi
Wamechimba msingi. Niliitwa kutafsiri kwa mafundi. Walipomaliza, Ba Chalwe alinikuta nimekaa juu ya rundo la matofali.
"Mama, nilitaka useme ndiyo," akasema, bila mimi kumuuliza.
"Kwa nini hukusema wewe?"
"Mgombea akisema hesabuni kura za mwenzangu, watu wangu wangesema amenunuliwa. Wangeondoka mstarini, uchaguzi ungevunjika, na mwalimu angekosa nyumba na watoto wangekosa bweni. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa na mdomo wa kulisema likakaa." Akaokota udongo, akaufinyanga. "Mama yangu alianika samaki Chisenga. Mimi niliacha shule darasa la nne, kambini. Kulikuwa na kibanda cha shule kule. Mwalimu alikuja mwezi mmoja akatoroka, alikuwa hana pa kulala. Ndiyo maana nataka mwalimu alale."
"Basi jenga bweni sasa. Una mamlaka."
"Awe, mukwai, hapana. Niliahidi nyumba mbele ya watu wote, na wewe ulilitafsiri vizuri."
Hakusema kwa kejeli. Miezi miwili nilimhesabu mtu wa kujipendelea. Kumbe siku ile ya mkutano alipokuna kidevu, labda alikuwa anamfikiria mama yake.

Ijumaa, 27 Machi
Kuta zimefika madirishani. Mwalimu Kaoma anapita hapo kila saa ya mapumziko, anagusa matofali. Amefuta ombi lake la uhamisho. Nyumba ni nzuri, na ilihitajika. Hilo nalo niliandike, kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 30 Machi
Nimepita darasa la saba kuchukua taarifa. Wanafunzi wamekaa mmoja mmoja, kila mtu na dawati lake. Mwalimu anafundisha kwa sauti ile ile ya Januari.

Jumapili, 5 Aprili
Pasaka. Nimezungumza na Gauthier. Nimemwambia tugawanye chumba kwa pazia, Yolande akae kwetu mpaka mtihani. Kwetu binti aliyevunja ungo halali nyumba ya mwanamume asiye ndugu yake, watu husema. Mwishoni akasema atajenga ukuta wa udongo badala ya pazia, na ameanza leo leo, siku ya sikukuu.

Jumamosi, 11 Aprili
Nimekwenda Chisenga. Nilipanda boti ya wanunuzi Kashikishi alfajiri, nikakaa kati ya magunia matupu na barafu. Ziwa lilikuwa limetulia, na watu botini waliongea habari za bei, hakuna aliyenijua.
Kambi ni vibanda vya nyasi na vichanja virefu vya kuanikia. Chisense, dagaa wa ziwa hili, wametandazwa kila mahali, wadogo, wanang'aa kama sindano. Fidélie alikuwa anapindua samaki kwa jani la mchikichi. Aliponiona alifuta mikono, akanikumbatia, akanitafutia kigoda, akanipa uji. Niliweka bakuli chini, nikasema kwanza nililojia.
Nikamweleza: ukuta Gauthier ameshaujenga, kitanda kipo, Yolande atakula tunachokula, nitamwangalia kama wangu. Nikasema na lile jingine pia, kwamba nilicheka, kwamba nilipaswa kusema hapana pale pale, au ndiyo siku ile.
Alinisikiliza mpaka mwisho.
"Miye sina neno na wewe, Pierrette. Hata miye nilikuwa nacheka." Akapindua safu nyingine. "Lakini Yolande sikupatii."
"Kwa nini? Mtihani ni mwezi wa kumi, bado ana muda."
"Mwezi wa pili ningekupatia, ningekupatia mbio. Sasa nimeshamuambia shule imekwisha. Unajua ile kazi? Nilikaa naye pale kwenye mutumbwi, nikamuambia. Alinyamaza siku tatu. Siku ya ine akaamuka, akachukua kisu, akaanza kupasua samaki, bila mutu kumutuma. Nikimurudisha sasa, halafu kwako kutokee ugonjwa, ama watu waanze kusema mambo ya mume wako, itabidi nimuambie mara ya pili. Mara ya pili siwezi. Mupeleke mutoto wa mutu mwingine. Kuna batoto wengi hapa, uliza."
Niliuliza. Kibanda kwa kibanda, mpaka jua likawa juu kabisa. Wote walinipa uji. Hakuna aliyenipa mtoto. Mmoja alisema nirudi Desemba.
Niliporudi kwa Fidélie, alikuwa ameshuka majini kupokea mtumbwi. Yolande alikuwa amekaa peke yake chini ya vichanja, mbele yake beseni la makobo, samaki kama sato, anapasua. Amekuwa mwepesi. Kisu kinaingia mgongoni, kinatoka, samaki anafunguka kama kitabu. Nikachuchumaa karibu naye. Harufu ilikuwa kali.
"Mwalimu hajambo?" akauliza.
"Hajambo. Anakusalimu."
"Wamefika wapi kwa hesabu?"
"Asilimia. Na eneo la pembetatu."
Alitupa matumbo kwa kunguru. Kisha akakisafisha kisu kwa mchanga, upande huu na upande ule, akakipangusa kwenye sketi yake, akanipa kwa mpini. Akasawazisha mchanga mbele yangu kwa kiganja.
"Boti yako inaondoka saa ngapi, mama?"
"Saa nane."
Akainua macho akatazama jua, akapima.
"Asilimia ni ndefu?"
"Ni ndefu kidogo."
"Basi acha hiyo," akasema. "Nionyeshe pembetatu."